Mama wa Ndizi na Mkopo wa Halmashauri

Fungueni madaftari. Leo tunasoma historia ya biashara ya wanawake hapa Rungwe, na jinsi Serikali ilivyoanza kuitambua.

Zamani za Waingereza kahawa ilienea sana katika vilima vya Tukuyu. Mama alipalilia na kuchuma, lakini jina lililoandikwa katika daftari la chama cha ushirika kwa kawaida lilikuwa la baba, na fedha zilimfuata mwenye jina. Ndizi ndizo zilizobaki mikononi mwa mama. Alijitwika mkungu mpaka sokoni, akauza, akanunua chumvi na sabuni. Baadaye yalikuja malori, na ndizi za Rungwe zikafika Mbeya na Dar es Salaam. Hiyo ni biashara kamili, ijapokuwa wengi waliiona kama kazi ya jikoni tu.

Shida ilikuwa mtaji. Benki hutaka dhamana, yaani mali ya kushika deni lisipolipwa. Mama alilima shamba, lakini shamba lilikuwa la ukoo wa mume. Angeweka nini?

Sasa andikeni miaka hii. Mwaka 1993 ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi, zilizompa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mwaka 2003 ilitoka sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo, nayo iliwataja wanawake. Lakini sera ni nia iliyoandikwa. Haimbani mtu kama sheria. Kwa hiyo mimi nauona mwaka 2018 kuwa mkubwa zaidi. Mwaka huo sheria ilizitaka halmashauri zote, Rungwe na Busokelo zikiwamo, zitenge fedha katika mapato yao ya ndani. Katika kila shilingi mia, nne ni za vikundi vya wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba. Mwaka 2023 ulisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, maana madeni mengi hayakurudi. Mwaka 2024 ukaanza tena.

Kikundi kinachoomba hupeleka orodha ya wanachama wake. Basi, mwalimu atagawa karatasi. Akina mama, kila mmoja aandike jina lake mwenyewe, si la mumewe, kisha atie saini chini yake.