Taarifa si Ombi

Hapa Bububu, mwenye harusi huwapitia majirani kuwaarifu kwamba usiku kutakuwa na ngoma. Haji kuomba ruhusa ya kumwoza mwanawe. Anataka watu wajitayarishe, na pakiwa na mgonjwa karibu, ngoma isogezwe. Hiyo ndiyo tafauti baina ya taarifa na ombi, na kuisahau kumetugharimu roho za watu.

Sheria ya polisi tuliyoirithi kwa wakoloni ilimtaka anayetaka kuandamana apate kibali kwanza. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri, na Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akaamua kuwa sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Sheria ikarekebishwa: itolewe taarifa tu, saa 48 kabla. Lakini polisi waliachiwa uwezo wa kuzuia wakiona amani iko hatarini, na kwa mlango huo ombi likarudi.

Chama cha CUF kilitangaza maandamano ya tarehe 27 Januari 2001, kikidai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe. Serikali ikayapiga marufuku. Watu wakatoka, Unguja na Pemba, na risasi zikalia. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu maiti 31. Human Rights Watch ilisema hawapungui 35. Askari polisi naye aliuawa Pemba. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo huo CCM na CUF walitia saini Muafaka, wakakubaliana kuirekebisha Tume ya Uchaguzi. Yaliyozuiwa barabarani yakaja kuzungumzwa mezani, baada ya mazishi.

Simnyooshei mtu kidole. Nilipokuwa mwalimu mkuu, wanafunzi walinijia bila ya kuitwa kulalamikia maji ya kunywa. Walikuja kwa mstari, kimya, kama tulivyowafundisha. Nikawachapa viongozi wao kwa utovu wa nidhamu. Skuli ikatulia, na tangi likabaki kavu wiki mbili nyengine.

Utulivu lazima uwe na sheria, kwani barabara ni ya wote. Lakini anayepewa taarifa kazi yake ni kuitengeneza njia, si kuuhukumu ujumbe.

Baadhi ya wanafunzi wale hukutana nami msikitini, hunipa shikamoo kwa adabu. Bado sijawaambia kwamba nilikosea.