Waislamu Watano Waliotunukiwa Johari ya Bara Hindi

Katika tarehe 2 Januari 1954, mwaka wa saba tangu Bara Hindi kujitawala, serikali ya nchi hiyo iliweka nishani mpya iitwayo Bharat Ratna, maana yake Johari ya Bharat, na Bharat ni jina la kale la nchi yenyewe. Hiyo ndiyo heshima kubwa kupita zote ambayo dola ile humpa raia. Nishani imefanywa kwa umbo la jani la mti ambao Wahindi huutukuza, na juu yake imechorwa sura ya jua. Haifuatani na fedha yoyote. Tena aliyeipata haruhusiwi kulitanguliza jina la nishani mbele ya jina lake kama cheo, kwa kuwa katiba ya nchi imekataza vyeo vya namna ile walivyozoea Waingereza kuwagawia wakubwa. Mwenye kutunukiwa hurudi nyumbani na hati iliyotiwa sahihi na Rais, pamoja na lile jani, basi.

Hadi kufikia mwaka 2024 watu 53 walikuwa wamekwisha kutunukiwa. Mwafrika ni mmoja tu, marehemu Nelson Mandela, mwaka 1990. Waislamu ni watano: Dk. Zakir Husain mwaka 1963, Khan Abdul Ghaffar Khan mwaka 1987, Maulana Abul Kalam Azad mwaka 1992, Dk. A. P. J. Abdul Kalam mwaka 1997, na Ustad Bismillah Khan mwaka 2001. Mmoja alikuwa mwalimu, mmoja kiongozi wa Wapathani wa milimani, mmoja mwanachuoni wa tafsiri ya Kurani, mmoja mjuzi wa roketi, na wa mwisho mpiga nzumari.

Habari zao zawahusu Waislamu wa nchi nyingine pia. Popote pale ambapo Waislamu ni wachache kati ya wengi, swali moja haliachi kuulizwa, mara kwa sauti kubwa na mara kwa minong'ono: je, mtu aweza kuishika dini yake sawasawa na papo hapo akawa mwenyeji kamili wa nchi? Watano hawa waliulizwa swali hilo katika nchi iliyogawanyika kwa damu mwaka 1947, na kila mmoja alilijibu kwa kazi ya mikono yake miaka mingi kabla ya nishani kumfikia.

Aliye karibu zaidi na mambo ya jumuiya kama zetu ni Dk. Zakir Husain, kwa kuwa yeye aliishi maisha ya kamati, michango na madeni. Alizaliwa Hyderabad tarehe 8 Februari 1897, katika ukoo wa Kipathani wenye asili ya Qaimganj, upande wa kaskazini. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi, na mwaka 1911 tauni ikamchukua mama yake. Yatima huyo akasomeshwa Etawah, kisha akaingia chuo cha Waislamu cha Aligarh, chuo chenye sifa kubwa, kilichokuwa kikipokea msaada wa serikali ya Kiingereza.

Mwaka 1920 ukaingia na msukosuko. Waislamu walikuwa wamekasirishwa na jinsi mataifa yaliyoshinda vita yalivyoitendea dola ya Khalifa wa Uturuki. Gandhi pamoja na viongozi wa Khilafat wakawataka watu waache kushirikiana na serikali, na wanafunzi watoke katika vyuo vinavyopokea fedha zake. Pale Aligarh kikundi cha wanafunzi na walimu vijana kiliitika, na Zakir Husain, mwenye miaka 23, alikuwa mmojawapo. Tarehe 29 Oktoba 1920, ndani ya msikiti wa chuo kile kile walichokuwa wakikiacha, kikafunguliwa chuo kipya, Jamia Millia Islamia, yaani Chuo cha Kiislamu cha Taifa. Mwenye kukifungua alikuwa Maulana Mahmud Hasan wa Deoband, mzee aliyetoka karibuni kifungoni Malta. Maradhi yalikuwa yamemzidi hata hotuba yake ikabidi isomwe na mwingine, na baada ya mwezi mmoja akafariki dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kukifungua chuo kulikuwa rahisi kuliko kukidumisha. Wanafunzi walianza wakikaa katika mahema, na fedha zilitoka kwa kamati ya Khilafat. Waturuki wenyewe walipoufuta ukhalifa mwezi wa Machi 1924, kamati ilinyauka, nayo fedha ikakatika. Wako waliosema chuo kifungwe. Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa Delhi, hakukubali. Mwaka 1925 chuo kikahamia Delhi, naye akawa akilipa sehemu kubwa ya gharama kutoka mfukoni mwake. Wakati huo Zakir Husain alikuwa Berlin akisomea elimu ya uchumi. Yeye na wenziwe wawili, Abid Husain na Mohammad Mujeeb, walipeleka habari kwamba wako tayari kuyatoa maisha yao kwa ajili ya Jamia, basi isifungwe. Mwaka 1926 wakarudi. Shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Berlin ingaliweza kumpatia kazi ya mshahara mnono popote alipotaka. Yeye akashika ukuu wa chuo kisicho na kitu akiwa na miaka 29, akakaa hapo miaka 22.

Hakim Ajmal Khan alifariki mwishoni mwa mwaka 1927, na walimu wakaachwa uso kwa uso na madeni. Mwaka 1928 walifunga ahadi: kila mmoja atumikie chuo miaka 20, na mshahara wa mtu usizidi rupia 150 kwa mwezi. Mkuu mwenyewe alichukua pungufu ya hapo, na mara nyingi hata hicho kidogo hakikupatikana kwa wakati. Ndipo walipoacha kumngoja tajiri mmoja wa kuwaokoa, wakaanza kukusanya michango midogo midogo kwa watu wengi, karani na mwenye duka, mji kwa mji, na kila mchangaji akahesabiwa kuwa mwenzi wa Jamia. Fedha za namna hiyo huja polepole, lakini hazikatiki kwa kifo cha mtu mmoja.

Tarehe 1 Machi 1935 lilipowekwa jiwe la msingi la majengo mapya huko Okhla, nje ya Delhi, heshima ya kuliweka hakupewa mtawala wala tajiri. Aliyeitwa ni mwanafunzi mdogo kuliko wote wa chuo. Yeyote aliyepata kuhudhuria shughuli za namna hiyo anajua jinsi wakubwa wanavyougombea mwiko wa mwashi siku ile, na ataelewa jambo hilo lilikuwa na maana gani.

Isidhaniwe kwamba alipendwa na wote. Mwaka 1937 Gandhi alipotaka watoto wafundishwe elimu pamoja na kazi za mikono, Zakir Husain ndiye aliyeongoza kamati ya kuutengeneza mpango huo. Chama cha Muslim League kiliushambulia vikali kikisema unataka kuwapokonya watoto wa Kiislamu dini na desturi zao. Maneno hayo yalimpata mtu aliyekuwa amekwisha kutumia ujana wake wote katika chuo cha Kiislamu. Hakuacha kazi kwa ajili yake. Mwezi wa Novemba 1946, wakati damu inamwagika katika miji mingi, Jamia ilifanya sherehe ya jubilei ya miaka 25, naye akawakutanisha Jinnah na Nehru katika mkutano mmoja, akawasihi mbele ya watu wauzime moto wa chuki uliokuwa ukiila nchi. Moto haukuzimika.

Mwezi wa Agosti 1947 moto huo nusura umteketeze yeye mwenyewe. Alikuwa safarini kwenda Kashmir kwa gari la moshi, na katika stesheni ya Jalandhar akaangukia mikononi mwa kundi lililokuwa likiwaua Waislamu. Waliomwokoa ni ofisa mmoja wa jeshi, Kalasinga, na mtumishi mmoja wa reli, Baniani. Mali ya Jamia iliyokuwa mtaa wa Karol Bagh iliteketezwa katika ghasia za mwaka huo huo. Waislamu wengi wenye elimu walihamia Pakistan. Yeye hakuhama. Mwaka 1948, kwa kushawishiwa na Maulana Azad, alikubali kuwa mkuu wa chuo kikuu cha Aligarh, kile kile alichokiacha kwa hasira mwaka 1920, ambacho sasa kilikuwa kimepoteza walimu wengi na kutazamwa kwa jicho baya na serikali mpya. Alikiongoza hadi 1956.

Baada ya hapo vyeo vikafuatana: Gavana wa Bihar mwaka 1957, Makamu wa Rais mwaka 1962, na mwaka 1963 Bharat Ratna. Mwaka huo walitunukiwa watu wawili tu, yeye na mzee Pandurang Vaman Kane, aliyeandika historia kubwa ya sheria za dini ya Kihindu. Mwaka 1967 aliposimamishwa kugombea urais, swali lile la kale likarudi kwa sauti kubwa: je, nchi ya Mabaniani wengi itamkubali Rais Mwislamu? Alipata kura 471,244, na mshindani wake, Koka Subba Rao aliyekuwa Jaji Mkuu, akapata 363,971. Alifariki akiwa madarakani tarehe 3 Mei 1969, akazikwa katika uwanja wa Jamia.

Maulana Abul Kalam Azad alizaliwa Makka mwaka 1888, akakulia Calcutta. Mwaka 1912 alianzisha gazeti la Al-Hilal kwa lugha ya Kiurdu, nalo likawatia Waingereza hofu hata wakalifunga, kisha wakamzuilia mwenyewe Ranchi kwa miaka kadhaa. Tafsiri yake ya Kurani ingali ikisomwa. Mkewe, Bi Zuleikha, alifariki mwaka 1943 wakati mumewe yumo gerezani katika ngome ya Ahmednagar. Mwezi wa Oktoba 1947 alisimama katika Msikiti wa Ijumaa wa Delhi akawasihi Waislamu waliokuwa wakifunga mizigo yao wasiikimbie nchi iliyojengwa na wazee wao. Alikuwa Waziri wa Elimu tangu uhuru hadi kufa kwake tarehe 22 Februari 1958, na ni yeye aliyesimamia kuanzishwa kwa baraza la vyuo vikuu na chuo cha kwanza cha ufundi wa juu, huko Kharagpur. Imepokewa kwamba alipotajiwa nishani katika uhai wake aliikataa, akisema kwamba wanaoketi katika kuchagua haifai wajichague. Ni neno la kukumbukwa, hasa kwa kuwa Waziri Mkuu wake mwenyewe, Nehru, aliipokea mwaka 1955 akiwa madarakani.

Hivyo Maulana aliipata mwaka 1992, miaka 34 baada ya kuzikwa. Tarehe 6 Desemba mwaka huo huo Msikiti wa Babri huko Ayodhya ulibomolewa na umati wa watu, Waziri Mkuu akiwa P. V. Narasimha Rao. L. K. Advani, aliyekuwa ameongoza harakati za kutaka hekalu lijengwe mahali pale, alishtakiwa, na mwaka 2020 mahakama ikamwachilia. Mwaka 2024 wote wawili, Rao akiwa marehemu, walitunukiwa Bharat Ratna. Johari ni ile ile, na wenye kuigawa hubadilika.

Khan Abdul Ghaffar Khan, mzaliwa wa Utmanzai karibu na Peshawar mwaka 1890, aliwaapisha Wapathani, watu wanaojulikana kwa kisasi, kwamba hawatampiga wala kumwua mtu katika kudai haki. Chama chake alichokiunda mwaka 1929 kiliitwa Khudai Khidmatgar, Watumishi wa Mungu, na mwenyewe alisema kwamba subira hiyo ameitoa katika Uislamu. Tarehe 23 Aprili 1930 watu wake walipigwa risasi Peshawar, katika soko la Qissa Khwani, bila kunyanyua silaha. Alipinga kugawanywa kwa nchi. Ilipogawanywa, kwao kukawa Pakistan, na serikali ya Pakistan ikamfunga tena na tena kama walivyomfunga Waingereza. Bara Hindi ilimtunuku mwaka 1987, naye hakuwa raia wake, wa kwanza wa namna hiyo. Alifariki Januari 1988, akazikwa Jalalabad, Afghanistan.

Dk. Abdul Kalam alizaliwa mwaka 1931 Rameswaram, pwani ya kusini. Baba yake alikuwa imamu wa msikiti na mwenye mashua, na mwana akiwa mdogo aligawa magazeti ili kusaidia nyumbani. Mwaka 1979 roketi aliyoisimamia ilianguka baharini, na mkubwa wake, Satish Dhawan, akajitokeza mbele ya waandishi kuichukua lawama; mwaka uliofuata iliporuka salama, Dhawan alimtanguliza Kalam akaseme yeye. Baadaye alitengeneza makombora, na mwaka 1998 alikuwa kati ya wakuu wa majaribio ya bomu la atomiki, kazi ambayo watu wenye busara hawaafikiani juu yake. Alikuwa Rais tangu 2002 hadi 2007. Mauti yalimkuta Shillong tarehe 27 Julai 2015, amesimama akiwafundisha wanafunzi.

Wa mwisho ni Bismillah Khan, mzaliwa wa Dumraon, Bihar. Ala yake, shehnai, ni ndugu wa nzumari ya pwani ya Afrika Mashariki, na huko kwao ilihesabiwa kuwa kelele ya arusini, hata yeye akaipandisha hadi kumbi kubwa za dunia. Uhuru ulipopatikana mwaka 1947 aliipiga katika Ngome Nyekundu ya Delhi. Alikuwa Mshia mwenye kushika swala, na kila mwezi wa Muharram nzumari yake ilitoa maombolezo ya Karbala. Hata hivyo aliipiga pia katika mahekalu ya mji wa Varanasi, na wako Waislamu waliomlaumu kwa hilo. Alikaa katika nyumba yake ile ile ya zamani, miongoni mwa jamaa wengi aliowalisha, mpaka alipofariki tarehe 21 Agosti 2006. Jeshi lilimpigia mizinga 21. Akazikwa chini ya mwarobaini, na nzumari moja ikatiwa kaburini pamoja naye.