Mzigo Nyuma, Tope Chini: Gari kwenye Vilima vya Cimpunda

Katika nchi za baridi, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma lina sifa mbaya. Theluji ikianguka, magurudumu yanazunguka mahali pamoja, nyuma inahamia pembeni, na mwenye gari anashauriwa aliache nyumbani hadi theluji iyeyuke. Bukavu haina theluji, lakini ina udongo mwekundu wa mfinyanzi, uliotokana na miamba ya kale ya volkeno, na udongo huo ukilowa kati ya Septemba na Mei unateleza kama sabuni. Kwa hoja ya watu wa theluji, gari la nyuma lingeshindwa mapema sana katika mtaa kama Cimpunda, ambako njia ya kwenda nyumbani ni kupanda au kushuka. Historia inasema vingine. Kwa miongo mingi lori, teksi na basi dogo katika vilima vya Kivu vilisukumwa na magurudumu ya nyuma, na kazi ikafanyika. Naona kwamba vyombo hivyo viliokolewa na mzigo na mwinuko, na pale viliposhindwa, lawama ilikuwa ya tairi na ya barabara kuliko ya mtambo wenyewe.

Tuanze na barabara, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kukosewa. Ulipokuwa bado ukiitwa Costermansville, jina ulilolibeba hadi mapema miaka ya 1950, mji huu uligawanywa: Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu, Waafrika wakapangiwa Kadutu, upande wa mlima. Lami ilifuata mgawanyo huo. Cimpunda, mojawapo ya mitaa ya komini ya Kadutu, ulikua juu ya miteremko ambayo hakuna aliyeipima kwa ajili ya gari. Vita vya 1996 na 1998 viliwasukuma watu wengi wa vijijini kukimbilia Bukavu, nyumba zikabanana, mifereji ikazibwa au haikuchimbwa kabisa, na maji ya mvua yakachagua kupita palepale watu wanapopita. Ardhi yenyewe haitulii: katika komini hiyohiyo uko mporomoko wa Funu, ambao unasogea polepole na kupasua kuta za nyumba. Tairi hapa limepewa kazi ambayo kwingine hufanywa na mhandisi.

Sasa gari. Mpangilio wa injini mbele na nguvu kupelekwa nyuma ulienea Ulaya tangu Panhard wa Ufaransa walipoutumia mwaka 1891, na lori zote za kawaida zikaurithi. Udhaifu wake unajulikana: gari likiwa tupu, uzito mkubwa umekaa mbele, na magurudumu yanayofanya kazi hayana kinachoyakandamiza chini. Ndiyo maana madereva wa theluji hutia mifuko ya mchanga kwenye buti. Lakini gari tupu lilikuwa nadra katika barabara za Kivu. Magunia ya mihogo, makaa, kreti za bia na abiria waliokaa juu ya vyote hivyo vilifanya kazi ya ule mchanga. Mlima nao ulisaidia, kwa sababu gari linapopanda, uzito unarudi nyuma, juu ya ekseli inayosukuma. Gari la kuvuta mbele hupatwa na kinyume chake: kadiri mlima unavyosimama, ndivyo magurudumu yake ya mbele yanavyokuwa mepesi. Hata huko kwenye theluji, mwenye gari la namna hiyo akishindwa na kilima hugeuza na kukipanda kinyumenyume. Toyota HiAce, basi dogo linalojulikana kila kituo cha Bukavu, ina injini chini ya viti vya mbele na nguvu nyuma. Ikiwa tupu inahangaika, ikijaa watu hadi kiti cha mwisho inatulia.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko Kenya, Uganda na Tanzania, katika mashindano ya magari ya Safari. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968, ambao mvua ilikuwa kali vilevile, yalimaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, gari la nyuma. Kabla yake Volkswagen ya kobe, ambayo injini yake imekalia magurudumu yanayosukuma, ilikwishashinda zaidi ya mara moja. Mafundi wa Safari waliielewa hesabu ya uzito vizuri hata wakaweka vishikio na vikanyagio nyuma ya gari, ili msaidizi wa dereva atoke, asimame juu ya bampa na kurukaruka mpaka magurudumu yashike. Konvwayeri wa lori la Kivu, anayening'inia nyuma huku ameshika kipande cha mti cha kukingia gurudumu likianza kurudi, asingehitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Kuna atakayesema kwamba gari la magurudumu manne lilimaliza ubishi huu. Halikuumaliza haraka hivyo. Audi Quattro, iliyobadili mashindano ya Ulaya, ilifika Safari katika miaka ya 1980 ikitarajiwa kutawala. Kumbe mwaka 1984, 1985 na 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica ya kuvuta nyuma. Audi ilisubiri hadi 1987. Nakubali kwamba hapo uimara wa chuma ulichangia kuliko mshiko, na kwamba leo hakuna timu inayoweza kurudi kwenye magurudumu mawili. Lakini mtu wa Cimpunda hanunui gari la timu. Gari la 4x4 linakula mafuta zaidi, lina difu mbili za kutunza badala ya moja, na kwenye tope likiwa na tairi kipara linateleza kwa magurudumu yote manne.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la kushuka. Mzigo unaomsaidia dereva kupanda unamsukuma akishuka, na akipunguza gia ghafla kwenye tope, nyuma inataka kutangulia mbele. Hapo sina utetezi wa mtambo. Hapo kinachohesabika ni gia ndogo iliyoshikwa tangu juu, mguu mwepesi, na kashata za tairi.

Na tairi lina historia chungu katika Kongo hii. Kabla ya 1908, chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, watu walikatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira wa porini ambao dunia iliuhitaji kwa magurudumu yake. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Washirika walipoteza chanzo chao kikuu cha mpira, na Wabelgiji wakawarudisha wanakijiji msituni. Kazi za lazima zikapandishwa hadi siku 120 kwa mwaka. Uasi wa Masisi na Lubutu mwaka 1944, ndani ya jimbo lililotawaliwa kutoka mji huuhuu wa Bukavu, ulitokana kwa sehemu na mzigo huo. Waliogema mpira hawakuwa wenye magari. Wajukuu wao wanalipata tairi likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine mbali, wanalichonga kashata upya kwa kisu cha moto linapokuwa kipara, na likikataa kabisa linageuzwa kuwa viatu.

Katika matairi hayo yaliyotumika huko nje ndipo theluji inapofika Bukavu kwa mlango wa nyuma. Wamarekani walikuwa na minyororo ya kufunga kwenye tairi, iliyobuniwa na Harry Weed, tangu 1904. Wafini wakatoa tairi la majira ya baridi kwa ajili ya malori mwaka 1934, lenye meno makubwa ya kukwangua. Tangu hapo tairi la theluji limebadilika. La leo lina mpira laini usiokakamaa kwenye baridi, na vijichanjo vyembamba vingi vinavyoshika theluji, kwa kuwa theluji hushikana na theluji. Tope halina hisani hiyo: linajaza vijichanjo, na tairi linabaki kipara kama lililokwisha. Tope linataka mifereji mipana inayolitema tope yenyewe gurudumu linapozunguka, na mara nyingi umbo jembamba linalokata hadi kwenye udongo mgumu. Tena mpira wa baridi, uliotengenezwa kwa joto la chini ya nyuzi 7, unalika haraka kwenye mji usioijua baridi hiyo. Alama ya M+S inaunganisha tope na theluji pamoja, na kiwanda hujiandikia bila kufanya jaribio lolote. Ujerumani yenyewe imeacha kuitambua peke yake kuwa ya majira ya baridi tangu Oktoba 2024. Inataka mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Kwa dereva wa Cimpunda mchoro huo ni sababu ya kulirudisha tairi kwa muuzaji.

Siku hizi teksi nyingi ndogo zinavuta mbele, na abiria wa mlimani amehamia kwenye pikipiki, ambayo nayo, tusisahau, husukumwa na gurudumu la nyuma. Hesabu ni ileile. Kwa hiyo anayenunua tairi lililotumika aangalie kwanza mifereji yake ina upana gani na kina gani, kisha asome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa limepita miaka kumi, aliache hata kama kashata zinang'aa. Na wakuu wa komini wachimbe mifereji ya Cimpunda mwezi wa Agosti, kabla mvua haijaanza.