Kamba Ilipobadilika, Fundo Likabadilika

Tarehe 12 na 13 Oktoba 2006, theluji nzito yenye maji iliuangukia mji wa Buffalo, jimbo la New York, miti ikiwa bado haijapukutisha majani. Uwanja wa ndege ulipima inchi 22.6, yaani kama sentimeta 57. Majani yaliikinga theluji, matawi yakashindwa kuibeba. Huko Kenmore, kijiji kilichopata hadhi yake rasmi mwaka 1899 na ambacho leo kimeshikamana kabisa na Buffalo upande wa kaskazini, miti ya kivuli iliyopandwa vizazi viwili nyuma ilipasuka katikati na kuangukia nyaya za umeme na mapaa.

Tawi lililokwisha kuanguka ni kazi ya msumeno tu. Shida ni lile lililovunjika likabaki limening'inia juu, nyuma ya nyumba, mahali ambapo gari la ngazi halipiti. Hapo lazima mtu apande, na mtu huyo roho yake huikabidhi kwa fundo lisilozidi ngumi.

Mkwezi hurusha kamba ikapita juu ya panda imara, ncha moja akaifunga kwenye mkanda wa kiunoni. Kisha mkia wa ncha hiyo huuzungushia upande wa pili wa kamba mara kadhaa na kuukaza. Akiuachia mwili wake ukae, mizunguko inabana na fundo halisogei. Akilikandamiza kwa kiganja kutoka juu, linalegea, naye anashuka polepole. Fundo lisilobana humwangusha. Linalobana kupita kiasi humwacha juu akipigana nalo kwa kucha.

Marekani ilianza kuwachukulia watu hawa kama mafundi wenye taaluma kupitia jimbo la Ohio. John Davey, mhamiaji kutoka Uingereza, alichapisha kitabu chake kuhusu utabibu wa miti mwaka 1901, na mwaka 1909 kampuni yake ikasajiliwa rasmi mjini Kent, kaskazini mashariki ya Columbus. Kazi haikukosekana. Ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya elm uligunduliwa nchini humo kwa mara ya kwanza Ohio mwaka 1930, ukiwa umeingia na magogo ya samani kutoka Ulaya, na katika miongo iliyofuata ukaivua mitaa ya Buffalo na miji mingine kivuli chake. Mji wa Louisville, Kentucky, nao ulikuwa na msiba wake: kimbunga cha tarehe 3 Aprili 1974 kilifyeka maelfu ya miti katika bustani ya Cherokee.

Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho wakwezi walitumia fundo lililoitwa taut-line, jamaa wa karibu wa mafundo ya mabaharia. Lilifaa kwa sababu kamba za wakati ule zilikuwa za manila, nyuzi za abaka kutoka Ufilipino, na kamba hiyo ina manyoya yanayosaidia kushika. Halafu vita vikaingilia. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, njia ya manila ilifungwa, na Washirika wakaugeukia mkonge wa Afrika Mashariki. Tanganyika ilikuwa tayari na mashamba makubwa, yote yakiwa na asili katika miche 62 iliyosalimika safari wakati Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mmea huo mwaka 1893. Miche yenyewe ilitoka Florida, Marekani. Kwa hiyo mkonge uliwarudia Wamarekani baada ya nusu karne, ukiwa umetokea Tanga.

Lakini vita hivyo hivyo viliipa nafasi nailoni, iliyotangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938. Kamba za nailoni zilikuwa imara kuliko manila na hazikuoza kwa unyevu, ila zilikuwa laini. Juu yake fundo la zamani lilionyesha tabia mbaya: lilijikaza kila mkwezi alipoliegemea, na mkia wake ulitambaa kidogo kidogo hadi kuponyoka, usipofungiwa kifundo cha kuuzuia.

Dawa ilitoka milimani. Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alikuwa amechapisha fundo lake la kubana kamba mwaka 1931. Heinz Prohaska, Mwaustria mwingine, alionyesha fundo jipya mwaka 1981 katika jarida la waongoza wapanda milima, akalirudia mwaka 1990 katika jarida la wapenzi wa mapango. Wakata miti hawakuwa na habari. Mwaka 1994 mwenzao, Jason Blake, aliyeligundua kivyake, aliandikia barua jarida la fani yao, na tangu hapo dunia ya miti inaliita fundo la Blake. Kwa haki lingebeba jina la Prohaska, lakini sifa humwendea aliyewaambia watu wanaolihitaji.

Nalo lina udhaifu. Mkwezi akishuka kwa pupa, msuguano hulichoma: kamba hung'aa na kuwa ngumu kama plastiki iliyoyeyuka. Hivyo yakaja mafundo ya Ulaya, Distel kutoka Ujerumani na Valdôtain kutoka Bonde la Aosta, yanayofungwa kwa kikamba cha pembeni. Kikichakaa hutupwa, kamba kuu ikabaki nzima. Nyuzi za aramidi, ambazo haziyeyuki, zikaondoa sehemu ya hofu ya moto. Chini ya fundo huwekwa kapi ndogo inayolisukuma juu kila mkwezi anapovuta kamba. Hata hivyo, idadi ya mizunguko haiwi ile ile kwa kila mtu. Mwembamba huhitaji michache, mnene mingi zaidi. Kamba ikilowa au ikijaa utomvu wa msonobari, hesabu ya asubuhi haifai tena mchana.

Mkwezi wa minazi wa Unguja hana haja ya fundo la aina hii, kwa kuwa mnazi hauna tawi la kurushia kamba. Yeye hutia kitanzi miguuni na kuubana mti kwa nyayo. Lakini kwenye mashindano ya wakwezi wa Marekani, yaliyoanza St. Louis mwaka 1976, kulikuwa na mchezo ambao angeuelewa bila kufundishwa: kukwea kamba mbili zilizoning'inia kwa kuzibana kwa nyayo, fundo la Prusik likifuatana na mtu kwa usalama.

Siku hizi mbawakawa wa kijani kutoka Asia anaua miti ya ash. Alionekana Ohio mwaka 2003, na mwaka 2009 akafika Kentucky na magharibi mwa New York. Ash iliyokufa hukatika bila onyo, na fundo zuri halisaidii kitu panda ikivunjika. Pale ambapo gari la ngazi halifiki, mkwezi hutafuta mti jirani ulio hai, akatundika kamba yake huko, kisha akauendea ule mkavu kwa ubavuni.