Waya Wenye Kichwa cha Mraba

Printa ya ofisi ya walimu ilikuwa na waya wake, lakini panya aliutafuna wakati wa likizo ya Desemba. Shule ilikuwa na mahitaji mengi kuliko waya wa printa, kwa hiyo kila aliyetaka kuchapa alitafuta njia yake.

Mimi njia yangu niliipata jioni moja ya mwezi Machi. Nilikuwa na mtihani wa historia wa kidato cha pili, na nilihitaji nakala moja tu ya kupeleka kwenye mashine ya kurudufu. Niliingia kwenye darasa lenye skrini kubwa ya kugusa, ambayo shule ilikuwa imepewa msaada mwaka uliotangulia, nikapapasa nyuma yake. Kulikuwa na nyaya tatu. Mmoja ulikuwa mweusi, wenye kichwa bapa upande mmoja na kichwa cha mraba upande wa pili, sawasawa na ule ulioliwa na panya. Nikauchomoa. Printa ikaunguruma, karatasi ikatoka, nikautupia waya kwenye droo yangu na kwenda nyumbani. Sikumwambia mtu. Sikuona kama kulikuwa na la kusema. Waya ni waya.

Kesho yake ilikuwa siku ya mkutano wa wazazi.

Mwalimu wetu wa jiografia, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Ramani, alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu. Alianza kufundisha wakati Tanzania Bara haina kituo hata kimoja cha televisheni. Vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na yeye wakati huo alikuwa tayari ana miaka kadhaa kazini. Mkuu wa shule alimwomba yeye, mkongwe kuliko sisi sote, afundishe kipindi cha mfano mbele ya wazazi kwa kutumia skrini ile. Nadhani ilikusudiwa kuwa heshima ya kumuaga.

Alikuwa amefanya mazoezi mara tatu, nami nikimsaidia. Kugusa hakukumjia kwa urahisi. Simu yake ya mkononi ilikuwa haimsikii vizuri, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa chaki ya miaka yote ile, basi hata kwenye skrini alikuwa analamba kidole kabla ya kugusa. Skrini ilimsikia, akacheka kama mtoto. Ramani ya Tanzania ikasogea kulia, ikasogea kushoto, akaikuza mpaka mto Pangani ukajaa ukutani.

Siku yenyewe picha ilitokea vizuri. Laptopu ilikuwa mezani, ramani ikawa juu ya skrini, wazazi wamekaa nyuma kwenye madawati ya watoto wao. Mzee Ramani akaweka kidole juu ya Pangani. Ramani haikusogea. Akalamba kidole, akagusa tena. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Mwanafunzi mmoja akacheka, kisha watatu, kisha mzazi mmoja naye akaguna. Mimi nilisimama mlangoni, nikawaza kwamba mashine hizi hazina adabu. Wazo la waya halikunijia kabisa. Picha si ilikuwa inaonekana?

Mzee Ramani alitazama ncha ya kidole chake. "Samahani ndugu wazazi," alisema, "vidole vyangu vimekuwa chaki." Akageukia ubao mweusi wa pembeni, akachukua chaki, akachora kwa mkono mtupu: maji ya Kilimanjaro na Meru yakikutana Nyumba ya Mungu, kisha Pangani yenyewe ikiteremka hadi Bahari ya Hindi. Mchoro ulikuwa sahihi na somo lilikuwa zuri. Lakini hakuigusa tena skrini ile, na miezi miwili baadaye akastaafu.

Shuleni tukasema skrini imeharibika. Ilikaa imefunikwa kitambaa mpaka Julai, alipokuja fundi kijana kwa shughuli nyingine, tukamwomba aitazame. Aliiwasha bila kompyuta, akagusa menyu ya skrini yenyewe. Ikaitikia. Akaunganisha laptopu, picha ikaja, akagusa, hakuna kitu. Akazunguka nyuma. "Waya wa HDMI upo," alisema. "Wa USB uko wapi?"

Nilikwenda ofisini nikafungua droo.

Mimi ni mwalimu wa historia, na mtu wa historia akikosea hutaka kujua kosa lake limetoka mbali kiasi gani. Nilianza na ubao. Babu zetu wa pwani walisomea chuoni kwa mbao ndogo walizoandika kwa wino na kuziosha, kila mtoto na wake. Ubao mmoja mkubwa wa darasa zima una historia nyingine. James Pillans, aliyekuwa mkuu wa High School ya Edinburgh, Uskoti, kuanzia 1810 hadi 1820, ni mmoja wa wanaopewa sifa ya kuutundika mbele ya wanafunzi na kuuchorea kwa chaki za rangi. Alichochora ni ramani. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu kwa muda.

Ubao ule haukuwa na cha kuunganishwa. Mkono, chaki na picha vilikuwa mahali pamoja, na hakuna mtu ambaye angeweza kuchomoa kimoja na kuacha kingine. Kompyuta ilipoingia darasani, vitu hivyo vilitengana. Mwaka 1987 IBM ilitoa kompyuta za PS/2 zenye tundu la VGA, lile lenye pini 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni. Waya wake ulibeba picha kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kioo au projekta. Haukubeba sauti, wala haukuwa na njia ya kurudisha habari za mkono wa mwalimu. Mwalimu aliyetaka kubadilisha kitu ilimbidi aende mezani kwenye kipanya.

Mwaka 1991 kampuni ya SMART ya Calgary, Kanada, iliyoanzishwa na wanandoa David Martin na Nancy Knowlton, ilitoa ubao wake wa kugusa. Upya wake haukuwa katika picha. Kilichokuwa kipya ni safari ya kurudi: ubao uliweza kuiambia kompyuta mahali ulipoguswa. Kuanzia hapo kila darasa la namna hiyo limehitaji njia mbili, moja ya kupeleka picha na nyingine ya kurudisha mguso.

Njia ya kurudi ilipata waya wake wa kudumu mwaka 1996, ilipotolewa kanuni ya kwanza ya USB. Kampuni saba zilikaa pamoja, zikiwemo Intel, IBM, Microsoft na NEC, kwa sababu nyuma ya kompyuta za wakati ule kila kifaa kilikuwa na tundu lake: printa lake, kipanya lake, kibodi lake. Walitaka tundu moja litumikiwe na wote, na walifaulu. Waya wenye kichwa cha mraba unaofaa printa unafaa pia skrini ya darasani, na hakuna alama yoyote juu yake inayosema ni mali ya nani. Kurahisisha huko ndiko kulikoniwezesha kuiba bila kujua kwamba naiba.

Kuna jambo jingine ndani ya USB lililonishangaza. Kompyuta ndiyo mwenye nyumba, na kifaa hakisemi mpaka kiulizwe. Kila sekunde, mara nyingi, laptopu huiuliza skrini: umeguswa? Wapi? Ndiyo maana vichwa vya waya ule havifanani. Bapa huenda kwa anayeuliza, mraba kwa anayejibu. Skrini ile inayojaza ukuta na kuonekana mkubwa wa darasa, kwa habari ya mguso ni mtumishi wa laptopu ndogo iliyo mezani. Siku ile hapakuwa na wa kuiuliza.

HDMI ilikuja Desemba 2002, nayo pia kazi ya kampuni saba. Ina pini 19, inabeba picha na sauti pamoja, na kupitia waya huohuo skrini huitambulishia kompyuta ukubwa wake ili ipewe picha inayoienea. Lakini kidole si sehemu ya mazungumzo hayo. Anayechomeka HDMI peke yake hupata picha nzuri kabisa, naye hudhani amemaliza. Kukosekana kwa picha kungetufanya tuzunguke nyuma ya skrini mara moja. Picha ilipokuwepo, tulimtazama mzee.

Mwaka 2014 ilikuja USB-C, kichwa kidogo kisicho na juu wala chini. Kwenye vifaa vilivyoandaliwa hivyo, waya mmoja unapeleka picha, unarudisha mguso na unachaji laptopu. Ila si kila tundu la umbo hilo linapitisha picha, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Hata wenye nyaya zote hawakupata miujiza. Serikali ya Uingereza ilipogharamia mbao za kugusa kwa shule za sekondari za London mnamo 2003 na 2004, tathmini ya watafiti iliyochapishwa 2007 haikuona kwamba zilipandisha matokeo ya wanafunzi katika mwaka wa kwanza wa kuzitumia. Nilisoma hilo nikitafuta ahueni, nikaona halinisaidii. Swali langu halikuwa kama skrini inafundisha vizuri kuliko chaki.

Fundi alinieleza jambo la mwisho kabla ya kuondoka. Skrini yetu haifanyi kazi kama simu. Simu inasikia chaji ya umeme ya ngozi, na kidole kikavu huisumbua. Skrini yetu ina miale isiyoonekana inayokatiza mbele ya kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Chochote kinachoikatiza kinahesabiwa ni mguso. Alichukua kipande cha chaki akaandika nacho hewani karibu na kioo, na mstari ukatokea.

Nilinunua waya wa printa mjini kwa pesa yangu. Ule wa skrini niliufunga kwa kamba kwenye fremu na kuubandika karatasi: WA SKRINI, USICHOMOE. Jumamosi iliyofuata nikapanda basi kwenda Muheza.

Mzee Ramani alikuwa uani anachambua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nilimweleza yote: panya, mtihani, droo, nyaya mbili na kazi zake. Nilimweleza habari ya miale, na kwamba hata chaki yenyewe inatosha kuikata. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliendelea kuchambua mahindi kwa muda, kisha akaacha, akageuza kiganja chake cha kulia juu na kukitazama.

"Kwa hiyo kidole changu hakikuwa na kosa," alisema.

"Hakikuwa na kosa, Mwalimu. Kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alimwita mjukuu alete chai, akanisogezea ungo wa mahindi ili nami nichambue. Tulifanya kazi kimya mpaka chai ikafika.

"Na mtihani wako ule wa kidato cha pili," aliuliza, "walifaulu?"

Nikamwambia, wachache.