Usiku wa Kufungua Chupa Ile

Usiku wa Kufungua Chupa Ile, unaojulikana kwa Kiingereza kwa jina la Open That Bottle Night, ni sherehe isiyo rasmi ya wapenzi wa divai inayofanyika kila mwaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi Februari. Ilianzia Marekani. Mshiriki hufungua chupa ya divai aliyoitunza kwa muda mrefu kwa sababu ya kumbukumbu iliyofungamana nayo, huionja pamoja na ndugu au marafiki, na kuwasimulia habari zake.

Chanzo

Walioianzisha ni Dorothy J. Gaiter na John Brecher, waandishi wa habari wa Marekani ambao ni mke na mume. Walikutana mwaka 1973 katika chumba cha habari cha gazeti la Miami Herald, jimboni Florida. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2009 waliandika pamoja safu ya divai iliyoitwa Tastings katika gazeti la The Wall Street Journal. Wakati ambapo wahakiki wengi walipima divai kwa alama hadi 100, wao walitumia maneno ya kawaida, kuanzia divai isiyonyweka hadi ile yenye ladha bora kabisa. Mwaka 2002 walitoa kitabu Love by the Glass, kinachosimulia ndoa yao kwa kufuata divai walizokunywa pamoja.

Wasomaji wa safu hiyo waliwaandikia wakiuliza jambo ambalo kila mara lilikuwa lilelile: ninayo chupa niliyopewa siku ya harusi, au niliyoachiwa na baba, niifungue lini? Gaiter na Brecher waliona kwamba siku inayostahili chupa ya namna hiyo huenda isifike kamwe, kwa kuwa kila siku inayokuja huonekana ndogo kuliko kumbukumbu yenyewe. Basi wakaitaja siku wao wenyewe, ili watu wafungue chupa zao usiku mmoja, kila mtu mahali alipo.

Chupa ile ni ipi?

Neno "ile" ndilo lenye uzito katika jina hili. Katika Kiswahili pia hutumika kwa kitu kisichoonekana lakini kinachojulikana na wote wanaozungumza. Katika nyumba nyingi zenye divai ipo chupa ambayo haihitaji kuonyeshwa kwa kidole. Si lazima iwe ya bei kubwa. Inaweza kuwa divai rahisi iliyonunuliwa safarini baada ya arusi, divai ya mwaka aliozaliwa mtoto, au iliyotengenezwa nyumbani na babu ambaye sasa ni marehemu.

Kumfungulia mtu divai ya mwaka wake ni desturi ya zamani kuliko sherehe hii. Uingereza, familia zenye uwezo zilikuwa na mazoea ya kumnunulia mtoto aliyebatizwa divai ya Port kutoka Ureno na kuiweka mpaka awe mtu mzima. Port ya mwaka mmoja wa mavuno inafaa kwa kazi hiyo, maana imeongezwa pombe kali na hudumu kwa miongo kadhaa. Divai ya Madeira hudumu zaidi. Chupa zake za miaka zaidi ya 100 bado hunyweka.

Harufu ya divai ina nafasi ya pekee katika kuamsha kumbukumbu. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha ni harufu inayopanda puani kutoka kinywani. Taarifa za harufu hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo sababu mnywaji anaweza kukumbuka chumba na watu waliokuwamo kabla hajaweza kutaja alichokinusa.

Hatari ya kungoja

Watu wengi huamini kwamba divai yoyote huzidi kuwa nzuri kadiri inavyozeeka. Si kweli. Divai nyingi zinazouzwa duniani hutengenezwa ili zinywewe ndani ya miaka michache. Beaujolais Nouveau ya Ufaransa hutolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno, na haikusudiwi kuwekwa. Zinazofaidika na miaka ni zile zenye asidi, tanini au sukari ya kutosha.

Isitoshe, chupa za kumbukumbu mara nyingi hutunzwa vibaya zaidi kuliko za biashara, kwa sababu mwenyewe hupenda kuiona. Husimamishwa kabatini jikoni, penye joto na mwanga. Kizibo cha gome la mwaloni hukauka na kusinyaa, hewa huingia, na oksijeni huiondolea divai matunda yake. Nyeupe hugeuka rangi ya kahawia na nyekundu hufifia. Chupa inayongojewa ilale ubavu, gizani, penye ubaridi usiobadilikabadilika wa takriban sentigredi 13.

Jinsi ya kufungua

Chupa kuukuu husimamishwa siku chache kabla, ili mashapo yashuke chini. Kizibo kikongwe huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo kizibuo huzungushwa polepole, na kikikatika divai huchujwa kwa kitambaa safi. Divai changa nyekundu hupata nafuu ikimiminwa kwenye chombo kingine ipate hewa, lakini ile kongwe sana inaweza kupoteza harufu yake ndani ya dakika chache. Hiyo huonjwa mara tu inapofunguliwa, kisha tena baada ya muda, maana baadhi huanza zikiwa zimefumba na kufunguka baadaye glasini.

Waanzilishi hushauri kuandaa chakula na kuweka chupa ya pili kando, iwapo ya kwanza imeharibika. Ikiwa imekuwa siki, habari yake husimuliwa vilevile, na chupa ya pili hufunguliwa. Baadhi ya mikahawa huwaruhusu wateja kuja na chupa zao usiku huo, lakini sherehe nyingi hufanyika nyumbani, mara nyingi kwa watu wawili tu.