Kibanda cha Magazeti Katika Watchmen

Tangu Superman alipotokea katika toleo la kwanza la Action Comics, Juni 1938, hekaya za mashujaa wa katuni wa Marekani zilifuata sharti moja ambalo aghalabu halikuvunjwa: kwamba mwenye nguvu zipitazo za binadamu atazitumia kwa wema, na kwamba raia walio chini, wanaoinua macho kumtazama akiruka baina ya maghorofa, watamshukuru, na wakisha kushukuru watatoweka katika hadithi pasipo hata majina yao kujulikana.

Mwaka 1954 sharti hilo lilipata nguvu ya kanuni. Daktari wa maradhi ya akili, Fredric Wertham, aliandika kitabu cha kuzishutumu katuni kuwa ndizo zinazopotosha vijana. Kamati ya Seneti ikafanya vikao mjini New York. Na wachapishaji, kwa kuhofu serikali isije ikaingilia biashara yao, wakajiwekea wenyewe amri kwamba katika kila hadithi wema sharti ushinde, mhalifu asionewe huruma, wala polisi na mahakimu wasivunjiwe heshima. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo Harvey Kurtzman na mchoraji Wally Wood walikuwa wamekwisha kumfanyia Superman dhihaka katika jarida la Mad, toleo la nne, wakamgeuza kiumbe duni mwenye tamaa na choyo. Mwaka huohuo wa 1953 alizaliwa Northampton, Uingereza, mtoto aliyeitwa Alan Moore, ambaye baadaye aliisoma dhihaka ile, ikamkaa moyoni, akajiuliza itakuwaje hoja ileile ikiondolewa kicheko na kusimuliwa kwa huzuni.

Jaribio lake la mwanzo lilikuwa Marvelman, katika jarida la Warrior, kuanzia 1982. La pili ndilo lililompa jina duniani. Kampuni ya DC ya New York ilikuwa imenunua mashujaa wa kampuni dhaifu ya Charlton, na Moore akapendekeza kuandika hadithi inayoanza kwa kuuawa kwa mmoja wao. Dick Giordano, mhariri aliyepata kufanya kazi Charlton, aliipenda hadithi lakini aliona kwamba ikichapishwa hivyo wengi wa mashujaa hao watakuwa wamekufa au wameharibika wasifae tena. Akamtaka Moore abuni watu wapya. Nami naona amri ile, iliyotolewa kwa ajili ya kuhifadhi mali, ilikuwa neema kubwa kwa kitabu, maana mtu wa kubuniwa upya anaweza kuzeeka, kujuta na kufa, na hakuna awezaye kumfufua kwa toleo la mwezi ujao.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Watchmen, iliyotoka kwa matoleo 12, la kwanza likiwa na tarehe ya Septemba 1986 na la mwisho Oktoba 1987, maandishi yakiwa ya Moore, michoro ya Dave Gibbons, na rangi za John Higgins. Gibbons ameeleza kuwa maelezo ya toleo la kwanza pekee yalimfikia yakiwa kurasa 101 zilizopigwa taipu, mistari imebanana bila pengo, hata ikambidi azitie nambari asije akaziangusha zikachanganyika, na kuyapaka rangi yale yaliyomhusu mchoraji. Karibu kila ukurasa ulijengwa juu ya visanduku tisa vilivyo sawa, safu tatu za vitatu vitatu, na kazi ilipozidi kuchelewa mkewe na mwanawe walimsaidia kupiga mistari ya visanduku hivyo. Mpango huo wa visanduku una taadhima yake: hauna kishindo, haumpi shujaa nafasi kubwa kuliko kikombe cha kahawa au saa ya ukutani, na humzoeza msomaji kutazama vitu vyote kwa insafu moja.

Ulimwengu wa hadithi hiyo ni Marekani ya 1985 iliyopinda mahali pamoja tu. Kwa kuwa yuko mtu mmoja, Dr. Manhattan, mwenye kudra ya kugeuza maada apendavyo, Marekani imeshinda vita vya Vietnam, Richard Nixon angali rais, na sheria ya 1977 imewapiga marufuku wenye kuvaa barakoa na kujitwalia kazi ya polisi, ila wale wanaotumikia serikali. Wavaa barakoa wenyewe ni watu wa kutia majonzi: mmoja mwenye tumbo la makamo, anayetazama vazi lake la zamani chini ya nyumba, mmoja mkatili aliyetumikia serikali, mmoja, Rorschach, asiyekubali kuwa kati ya weupe na weusi kuna rangi nyingine yoyote, na mmoja, Ozymandias, mwerevu kuliko wote, anayeamini kwamba kuua mamilioni ya watu ni bei inayostahili kulipwa ili dunia iokoke na vita vya nyuklia.

Wengi waliosifu kitabu hiki, na zaidi wale waliokiiga, walishika ukatili wake wakadhani ndio uliopindua hekaya za mashujaa. Siafikiani nao. Mapinduzi yenyewe yako kwenye kona ya barabara moja ya New York, penye kibanda cha magazeti. Hapo ameketi muuza magazeti wa makamo, mpenda kunena, anayesoma vichwa vya habari na kutoa rai juu ya kila jambo. Na kando yake kijana Mwafrika wa Marekani, ambaye hanunui kitu, anasoma bure katuni ya maharamia, kwa sababu katika nchi ambayo mashujaa wapo kweli watu hawana haja ya kusoma habari zao, na wachapishaji wamegeukia majahazi na mafuvu. Toleo baada ya toleo tunarudi hapo. Dereva wa teksi hupita, daktari aliyemtibu Rorschach gerezani hupita, mtume wa siku ya mwisho hupita na bango lake. Muuzaji hulalamika kuwa kijana amegeuza kibanda chake maktaba, ila habari za vita zinapomtia hofu humpa katuni ile bure. Yapita miezi ya usomaji kabla hawajaulizana majina, na wanapoulizana, katika toleo la 11, hugundua kuwa wote wawili wanaitwa Bernard.

Kurasa chache baadaye hujuma ya Ozymandias inaufikia mji. Mwanga mweupe unatokea, na wawili hao, waliokuwa hawana udugu wala usuhuba wa kutajika, wanakimbiliana na kukumbatiana, hata vivuli vyao viwe kimoja na kufutika. Toleo la 12 linaanza kwa kurasa sita, kila ukurasa picha moja, baada ya sisi kuzoezwa visanduku vidogo kwa mwaka mzima. Na katika maiti zile zilizolala barabarani msomaji mwangalifu anawatambua watu wa pale kibandani. Hapo ndipo sharti la 1938 linapovunjika. Kundi la raia waliokuwa wakitazama juu limepewa majina, ugomvi, ndoa na madeni, na sasa shujaa anadai kuwa amewaokoa walio hai kwa kuwaua hao, na tunatakiwa tumjibu.

Historia ya kitabu baada ya kuchapwa ina uchungu wake. Siegel na Shuster, waliombuni Superman, walimuuza kwa dola 130. Moore na Gibbons walidhani wamepata mkataba bora, uliosema haki zitawarudia kitabu kikiacha kuchapwa, lakini tangu matoleo yalipokusanywa katika juzuu moja mwaka 1987 halijaacha kuuzwa, na haki hazikurudi. Moore alivunja uhusiano na DC. Filamu ya Zack Snyder ilipotoka 2009 alikataa jina lake kutajwa wala kupokea malipo, na filamu yenyewe, kama ilivyoonyeshwa katika majumba ya sinema, iliwaacha maharamia nje na kuwapunguza sana watu wa kibandani, jambo ambalo kwangu ni sawa na kuliondoa shitaka na kuwaacha washitakiwa wakipigana kwa madaha.

Tamthilia ya televisheni ya HBO ya 2019, iliyobuniwa na mwandishi Damon Lindelof, ilifuata njia nyingine. Haikurudia hadithi ya 1985, bali ilianza Tulsa, Oklahoma, 1921, siku wazungu walipouteketeza mtaa wa weusi wa Greenwood na kuwaua wakazi wake. Kisha ikambuni mtoto aliyenusurika, akakua akawa polisi mweusi wa New York, na kumfanya yeye kuwa mvaa barakoa wa kwanza, aliyejificha uso kwa sababu sheria aliyoapa kuitumikia haikumlinda. Moore hakuibariki kazi hiyo, na ana haki yake. Lakini watazamaji wengi, Wamarekani wakiwemo, waliisikia habari ya Greenwood kwa mara ya kwanza kupitia tamthilia hiyo, wakaanza kuuliza ni nani waliokufa pale.